Harufu ya lutuku si ushahidi: jinsi ulevi ulivyotafutwa Kalemie, toka Albertville hadi leo

KALEMIE – Jioni, wakati wavuvi wanatayarisha taa zao kwa ajili ya ndagala na wamama wa soko wanakunja bidhaa zao, si ajabu kumkuta mtu amelala kando ya barabara, iwe mjini au karibu na makazi ya wahamiaji. Wapita njia wanasimama kidogo. Mmoja anainama, ananusa, anasema: «Ni lutuku.» Kesi imekwisha hapo. Kila mtu anaendelea na safari yake. Asubuhi mtu yule ama anaamka akiona haya, ama haamki.

Hukumu hiyo ya pua ina historia ndefu katika mji huu. Kwa zaidi ya miaka mia moja, pombe imetafutwa kwa watu wa mwambao wa Tanganyika kwa njia mbalimbali: kwa macho, kwa harufu, hata kwa rangi ya ngozi. Kuipima ndani ya mwili, pale inapofanya kazi yake, kulikuja baadaye sana, na tena mbali na hapa. Historia hiyo inafaa kujulikana, kwa sababu kosa la kumdhania mtu kuwa mlevi, au kumdhania mlevi kuwa amelala tu, bado linachukua maisha ya watu.

Zamani za mtungi

Kabla ya Wazungu kujenga ngome zao, Watabwa, Waholoholo na Waluba wa upande wa bara walikuwa na pombe za nafaka na malafu ya mchikichi. Pombe ilikuwa na mahali pake: baada ya kazi ya pamoja shambani, wakati wa mahari, wakati wa matanga. Ilikuwa nusu kinywaji, nusu chakula.

Nguvu yake ilikuwa na mpaka uliowekwa na maumbile yenyewe. Chachu inayogeuza sukari kuwa kileo hudhoofika na kufa kileo kinapokaribia asilimia 15, na pombe ya mahindi au mtama kwa kawaida haifiki hata nusu ya hapo. Tumbo lilijaa kabla kichwa hakijapotea kabisa.

Kulikuwa na mpaka mwingine: watu walikunywa mbele ya watu. Wazee waliokaa kuzunguka mtungi walijua nani amekunywa, kiasi gani, na kama alikuwa amekula. Hawakuhitaji kipimo, kwa sababu wao wenyewe walikuwa mashahidi. Kwa upande wa pili, wafanyabiashara Waislamu waliovuka ziwa kutoka Ujiji walileta dini inayokataza kileo chote, na familia nyingi za mwambao zinaishika hadi leo.

Sheria ya mwaka 1890

Tarehe 2 Julai 1890, mataifa yaliyokutana Brussels yalitia sahihi mkataba mkubwa kuhusu biashara ya watumwa. Ndani yake mlikuwa na sura nzima kuhusu pombe kali, yaani zile zinazopatikana kwa kuchemsha na kukusanya mvuke. Mkataba ulichora eneo kubwa la Afrika, kutoka digrii 20 kaskazini mwa ikweta hadi digrii 22 kusini. Kalemie iko karibu na digrii 6 kusini, kwa hiyo ilikuwa ndani kabisa. Katika sehemu za eneo hilo ambako pombe kali ilikuwa haijazoeleka, kwa sababu ya dini au sababu nyingine, kuiingiza kulipigwa marufuku.

Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Desemba 1891, kapiteni Mbelgiji Jules Jacques alianzisha ngome katika mwambao huu na kuiita Albertville, kwa jina la mwanamfalme wa Ubelgiji. Mji ambao leo unaitwa Kalemie ulizaliwa basi chini ya sheria hiyo.

Marufuku ilikuwa na sababu ya kweli. Katika pwani ya magharibi ya Afrika, jini na ramu kutoka Ulaya zilikuwa zimetumika miaka mingi kama fedha ya kununulia watu na mali, na madhara yake yalionekana wazi. Lakini mkataba uleule uliacha mlango kwa wakaaji wasio wenyeji: kila serikali ingeweka masharti ya kuwaruhusu kupata pombe hizo. Kwa maneno mengine, chupa ileile ilikuwa halali au haramu kulingana na mkono ulioishika.

Albertville: kosa lilikuwa kuwa nani

Mwaka 1915, reli kutoka Kabalo ilifika ziwani. Bandari ikakua, mji ukavuta wafanyakazi wa reli, wa meli na wa makaa ya mawe ya Lukuga, na baadaye wa kiwanda cha nguo cha Filtisaf. Mshahara ulipofika, kiu nayo ilifika. Bia ya viwandani, iliyoanza kutengenezwa Léopoldville na Élisabethville katika miaka ya 1920, iliruhusiwa kwa Wakongo. Divai na pombe kali hazikuruhusiwa.

Mwaka 1948 utawala ulianzisha kadi ya ustahilifu wa kiraia, na mwaka 1952 ukaanzisha kadi ya kuandikishwa kwa wale waliohesabiwa kuwa «wamestaarabika». Ili kuipata kadi hiyo ya pili, mtu alikubali wageni waingie nyumbani kwake, watazame vyombo vya meza, kitanda, hata choo. Waliofaulu walikuwa wachache mno katika koloni nzima. Katikati ya miaka ya 1950 marufuku ya divai na pombe kali kwa Wakongo iliondolewa, miaka michache tu kabla ya uhuru wa 1960.

Kwa muda wote huo, sheria haikuuliza: mtu huyu amekunywa kiasi gani, na je, anaweza kuendesha mashine au kulea mtoto? Iliuliza: mtu huyu ni nani? Mzungu aliyeyumba alikuwa mtu aliyejiburudisha. Mkongo aliyenuka pombe kali alikuwa mvunja sheria, hata kama alikuwa amesimama wima.

Marufuku haikuzima kiu. Ilisukuma tu wapishi gizani. Lutuku, inayopikwa kwa mahindi na mihogo, haihitaji kiwanda: pipa lililofungwa vizuri, moto, mrija, na maji baridi ya kupoza mvuke. Kileo huchemka kwenye digrii 78, maji kwenye digrii 100, kwa hiyo mvuke wa kwanza unabeba kileo kingi. Kinachodondoka upande wa pili kinaweza kuwa na nguvu mara kumi kuliko pombe ya mtungi. Na kwa kuwa kilidondoka mafichoni, hakuna aliyekipima. Hakikuwa na lebo wala kiwango, wala mtu wa kujibu kikidhuru. Desturi hiyo ya mafichoni ndiyo urithi mzito zaidi wa sheria ile.

Kutoka pua hadi kipimo

Huko Ulaya nako hukumu ilianza kwa macho. Tarehe 10 Septemba 1897, dereva wa teksi jijini London, George Smith, alikamatwa baada ya kugonga jengo kwa gari lake akiwa amelewa. Anatajwa kuwa mtu wa kwanza kuhukumiwa kwa kuendesha motokari akiwa katika hali hiyo. Polisi walikuwa na macho yao tu, na yeye akakiri.

Aliyebadilisha mambo ni Msweden Erik Widmark. Mwaka 1922 alitangaza njia ya kupima kileo kwa matone machache ya damu yanayotolewa kwenye kidole au sikio. Alionyesha pia kwamba kileo hupungua katika damu kwa mwendo karibu uleule saa baada ya saa, kwa hiyo mtaalamu anaweza kuhesabu kurudi nyuma. Mwaka 1936 Norway ikawa nchi ya kwanza kuweka katika sheria kiwango cha kileo katika damu ambacho dereva haruhusiwi kukipita.

Damu ina shida zake: inataka sindano, chombo safi na maabara. Pumzi ni rahisi zaidi. Damu inapopita kwenye mapafu, sehemu ndogo ya kileo inatoka na hewa, na vipimo vingi vinahesabu kwamba mililita 2,100 za pumzi zina kileo kama cha mililita 1 ya damu. Mwaka 1954 Mmarekani Robert Borkenstein alitengeneza chombo ambacho askari angeweza kukitumia: pumzi ilipita katika dawa ya rangi ya manjano, na kadiri kileo kilivyokuwa kingi, ndivyo rangi ilivyofifia. Vyombo vingi vya leo vinageuza kileo cha pumzi kuwa umeme mdogo na kuonyesha namba. Katika Afrika Mashariki vilijulikana sana Desemba 2013, polisi wa Kenya walipoanza kuwasimamisha madereva usiku na kuwapulizisha. Wakenya wakakiita chombo hicho «Alcoblow».

Kuna vipimo vya muda mrefu pia. Mabaki ya kileo yanaweza kuonekana katika mkojo kwa siku mbili au tatu hata kama pumzi imeshakuwa safi, katika damu kwa wiki kadhaa kwa mtu anayekunywa sana, na katika nywele kwa miezi. Vipimo hivyo viko katika maabara kubwa, lakini vinafundisha jambo moja: kutonuka hakumaanishi mwili umesahau.

Na harufu yenyewe? Kileo kitupu kina harufu ndogo sana. Kinachonuka zaidi ni vitu vingine vilivyo katika kinywaji. Ndiyo maana mtu aliyekunywa bia mbili anaweza kunuka kuliko aliyekunywa pombe kali nyingi, na ndiyo maana kutafuna karanga au majani kunaidanganya pua lakini hakuidanganyi damu.

Kinachotokea ndani ya mwili

Kileo hakisubiri kumeng'enywa kama bukari. Sehemu inapita kwenye tumbo, nyingi kwenye utumbo mdogo, na dakika chache baadaye iko kwenye ubongo. Tumbo tupu linakipitisha haraka zaidi. Kwanza kinalegeza ile sehemu inayomzuia mtu kusema na kutenda ovyo, ndiyo maana mwanzo unaonekana kama furaha. Kisha kinagusa mwendo na macho, halafu kumbukumbu. Mwisho kabisa kinagusa sehemu inayoamuru mapafu kupumua.

Ini ndilo linalokiondoa, na haliharakishwi. Kwa wastani, damu hupungukiwa na kileo gramu 0.15 kwa lita kila saa. Anayefikia gramu 1.5 anahitaji saa kama 10 ili awe safi. Kahawa haibadilishi hesabu hiyo, wala limau, wala maji ya ziwa yanayomwagwa kichwani. Kahawa inampa tu mlevi macho ya kuendelea kufanya makosa.

Kwa miaka mingi, kileo huharibu ini, kinapandisha shinikizo la damu, na tangu 1988 kimewekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la vitu vinavyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu. Kwa mama mwenye mimba, kinapita hadi kwa mtoto, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Lutuku katika makazi ya wahamiaji

Mwaka 2015 Tanganyika ikawa jimbo, baada ya Katanga kugawanywa. Mapigano kati ya Batwa na Waluba, ambayo yalikuwa yamekwisha kuanza, yaliwaka zaidi mwaka 2016 na 2017. Wakati huo watu zaidi ya 600,000 walikuwa wamehama makwao katika jimbo hili, na Oktoba 2017 Umoja wa Mataifa ukaiweka Tanganyika katika ngazi ya juu kabisa ya dharura. Wengi walijenga vibanda vya nyasi na mahema kuzunguka Kalemie. Wengine wamefika baadaye kwa mitumbwi kutoka Kivu ya Kusini.

Aliyeacha shamba lake akaja kuishi kwa kungoja mgao hana kazi ya kumchosha wala mavuno ya kumtuliza. Usiku unakuja na yale aliyoyaona. Kopo la lutuku ni rahisi kuliko mlo. Na kwa mama anayeipika, lutuku ni unga wa kesho, sabuni, na ada ya shule. Wote wawili wana sababu zao, na hakuna hotuba iliyowahi kushinda sababu hizo. Lakini yule anayekunywa hajala, mwili wake umedhoofika, na mara nyingi ana malaria. Kopo lilelile linampiga zaidi kuliko mtu aliyeshiba.

Kuna hatari nyingine isiyojulikana kwa ladha. Methanoli ni ndugu wa kileo, inayotumika viwandani. Lutuku ya mahindi iliyopikwa kwa uangalifu huwa na methanoli kidogo. Maafa makubwa hutokea hasa mtu anapoongeza methanoli ya viwandani ili pombe iwe kali na faida iwe kubwa. Nairobi, Novemba 2000, watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya aina hiyo iliyoitwa «kumi kumi», na wengine walipofuka. Mwili hugeuza methanoli kuwa asidi ya aina iliyo katika sumu ya sisimizi wa aina fulani, na asidi hiyo inashambulia mshipa wa macho. Vijiko viwili vya chai vya methanoli vinaweza kumtoa mtu macho.

Wanywaji wengi wanaamini jaribio la moto: lutuku ikiwaka buluu, ni nzuri. Moto huo unaonyesha tu kwamba kileo ni kingi. Methanoli nayo inawaka. Hakuna jaribio la nyumbani, iwe moto, harufu au ladha, linaloweza kuitenganisha.

Dalili zake zinadanganya, kwa sababu mwanzo ni ulevi wa kawaida. Kisha, mara nyingi baada ya saa 12 hadi 24, wakati ulevi ulipaswa kwisha, mtu anaumwa tumbo na kichwa, anapumua kwa nguvu na haraka, na anasema anaona ukungu au weupe mbele ya macho. Huyo si mtu wa kuachwa alale. Ni mtu wa kupelekwa hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu dawa ipo lakini haingojei.

Si kila anayeyumba amelewa

Hapa ndipo pua inapoua. Malaria iliyopanda kichwani inamfanya mtu ayumbe, aropoke na apoteze fahamu. Sukari ikishuka, kwa njaa au kwa dawa za kisukari, mtu anatetemeka, anakuwa mkali, anaanguka. Kisukari kilichopanda sana kinaleta pumzi yenye harufu tamu kama ya matunda yaliyoiva kupita kiasi, na wengi wameidhania pombe. Pigo la kichwani, kifafa, kupooza kwa ghafla: zote zinafanana na ulevi kwa anayepita haraka. Mbaya zaidi, mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Mlevi naye huanguka na kupasuka kichwa. Mlevi naye huumwa na mbu.

Asiyeamka anapotikiswa na kuitwa kwa nguvu, anayepumua polepole, chini ya mara nane kwa dakika, mwenye ngozi baridi au midomo ya buluu, yuko hatarini. Alazwe kwa ubavu ili matapishi yasimzibe koo, afunikwe, na mtu akae naye wakati wengine wanatafuta msaada. Asilazimishwe kutapika, asinyweshwe maziwa wala kahawa, asimwagiwe maji. Mtoto aliyeonja lutuku apelekwe mara moja, hata kama anaonekana mzima, kwa sababu sukari yake hushuka haraka.

Kituo cha afya cha mtaani huenda hakina kipimo cha pumzi. Lakini tone la damu la kidole linaweza kuonyesha malaria, na lingine kuonyesha sukari. Vipimo hivyo viwili vidogo vinajibu maswali ambayo pua haiwezi kuyajibu. Vilivyobaki vinahitaji mashahidi: alikunywa nini, kutoka kwa nani, saa ngapi, kiasi gani, alikuwa amekula? Kama chupa au kibidoni kimebaki na kinywaji ndani, kisimwagwe kwa aibu. Kiende hospitali pamoja na mgonjwa, na wenzake waliokunywa naye waonywe usiku huohuo.

Wazee wa mtungi walifanya hivyo bila kusoma. Walimjua aliyekunywa kwa sababu walikaa naye, na hawakuondoka kabla hajafika nyumbani. Sheria ya 1890 ilifundisha watu kuficha chupa na kumkana mlevi. Katika makazi ambayo jirani ni mgeni wa jana, kukaa na aliyeanguka mpaka apumue vizuri bado ni kipimo ambacho kila mtu anacho.